Ufunguo wa jirani yangu: barua ya wazi kwa Gavana wa Benki Kuu na Mawaziri wa Fedha na Ardhi

Waheshimiwa,

Nawasalimu kutoka Ilemela. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na kuanzia mwaka 2014 hadi 2024 nilikuwa mwenyekiti wa mtaa mmoja wa kando ya Ziwa Victoria. Kwa miaka hiyo kumi nilikaa na muhuri, na barua hii inahusu muhuri ule. Mtu akitaka mkopo wa kujenga au kununua nyumba huanzia kwangu: barua ya utambulisho, uthibitisho kwamba kiwanja hakina mgogoro, sahihi yangu kwenye karatasi ya mauziano. Akishindwa kulipa, huishia kwangu pia. Dalali anakuja na matangazo na ndoo ya gundi, ananiomba niwe shahidi. Kuna nyumba nilizozipigia muhuri zikiingia rehani na nikasimama uani zikiuzwa mnadani.

Usiku mmoja wa Februari 2020, saa tano imepita, jirani yangu aligonga dirisha la chumba changu. Dirisha, si mlango. Mtu akigonga dirisha ujue hataki mwanga uwashwe. Nje barabarani kulikuwa na Canter imezimwa taa, magodoro juu, mkewe mbele na watoto wawili. Alinipa ufunguo umefungwa kwenye kipande cha gazeti. "Mwalimu, nitunzie huu. Benki wakija, wape." Nikamuuliza anaenda wapi. Akasema wanawahi kivuko cha kwanza cha Kigongo. Wakati huo daraja halijaisha, na mwenye kukimbia deni alilazimika kupanga foleni kama watu wengine. Siku hizi, tangu Juni 2025, kuna kilomita 3 za zege juu ya maji, anavuka kabla chai haijapoa.

Nilikasirika, na nataka hilo lieleweke mapema, msije mkanisoma kama mtetezi wa wakimbia madeni. Mkewe alikuwa kwenye kikundi cha mikopo cha akina mama watano, rejesho kila Jumatatu. Walipoondoka, wale wanne waliobaki walilipa sehemu yake hadi mwisho. Mmoja wao aliuza cherehani. Sijawahi kusikia benki yoyote ikiuza cherehani. Kwa hiyo anayeniambia kwamba kukimbia deni ni jambo kati ya mtu na taasisi yenye fedha nyingi, namwambia aende akamuulize yule mama.

Lakini nikishakasirika huwa nakaa chini na kupiga hesabu. Nimefundisha hisabati darasa la saba kwa miaka 19, ni ugonjwa usiopona. Jirani yangu alikuwa fundi wa majokofu kwenye kiwanda cha minofu ya sangara. Mwaka 2016 alikopa shilingi milioni 60 kununua ile nyumba, riba asilimia 18 kwa mwaka, muda wa miaka 15. Rejesho lilikuwa shilingi 966,000 na ushee kila mwezi. Katika rejesho la kwanza, 900,000 ilikuwa riba. Iliyopunguza deni ni 66,000 tu. Alilipa miaka mitatu bila kukosa, karibu milioni 34.8 kwa jumla, na baada ya miaka hiyo mitatu deni lilikuwa limeshuka kutoka milioni 60 hadi milioni 56.9. Rudieni sentensi hiyo, waheshimiwa. Mimi niliirudia mara nne nikidhani nimekosea kuweka nukta.

Hakuna aliyemwibia. Ndivyo mkopo wa marejesho sawa unavyofanya kazi: miaka ya mwanzo unalipa riba, miaka ya mwisho ndipo unanunua nyumba. Ila yeye hakujua, na mkataba wake, ambao baadaye niliuona, ulikuwa kurasa zaidi ya ishirini za Kiingereza. Bunge lilibadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Mahakamani fundi majokofu sasa anaweza kusikilizwa kwa lugha yake, lakini karatasi iliyompeleka mahakamani kwa kawaida anaitia sahihi kwa lugha ya mwenzake.

Mwaka 2018 ilikuja Operesheni Sangara, msako wa serikali dhidi ya uvuvi haramu. Nyavu haramu zikachomwa, na siilaumu nia yake, maana ziwa lilikuwa linamalizwa. Lakini samaki waliofika viwandani walipungua, kiwanda chake kikapunguza zamu, na ilipofika katikati ya 2019 alikuwa analeta nusu rejesho, kisha robo. Alikwenda benki mara mbili. Mara zote mbili afisa mikopo alimwambia kitu kimoja: tafuta hela. Baadaye nilikuja kujua kwamba benki ile ile ilikuwa na utaratibu wa kupanga upya mkopo, kurefusha muda ili rejesho lipungue. Hakuambiwa, na hakujua jina la kitu cha kuuliza.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu watu wengi wakizungumza juu ya uwajibikaji wa mkopaji wanaanzia usiku wa Canter. Mimi naona usiku ule ulikuwa mwisho wa safari. Kosa lake, na lilikuwa kosa, lilikuwa kukaa kimya miezi minane akiona aibu, akisalimia watu kanisani kana kwamba mambo ni shwari, mpaka njia pekee aliyoiona ikawa giza. Aibu ndiyo iliyomkimbiza, kabla hata dalali hajamwona.

Na kukimbia kulimgharimu kuliko alivyodhani. Sheria yetu ya Ardhi ya mwaka 1999, baada ya marekebisho ya Sheria ya Mikopo ya Nyumba ya 2008, inataka mkopaji aliyeshindwa apewe notisi ya siku 60 kabla benki haijachukua hatua. Notisi ilibandikwa kwenye mlango wa nyumba isiyo na mtu. Mvua za Machi zikaichana. Sheria hiyo hiyo inamtaka anayeuza atafute bei nzuri kadiri inavyowezekana wakati huo, na inasema kwamba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya ile ya nyumba zinazofanana nayo sokoni kwa asilimia 25 au zaidi, inachukuliwa kwamba benki imekiuka wajibu wake mpaka ithibitishe vinginevyo. Kama nyumba za mtaa wetu zinauzwa milioni 60, mpaka wake ni milioni 45. Ile iliuzwa milioni 41.

Wanunuzi walikuwa watano, watatu kati yao walikuja pamoja na dalali kwenye gari moja. Mnada ulichukua muda mfupi kuliko kuchinja kuku. Mwenye haki ya kusema "bei hii haifai" alikuwa ng'ambo ya ziwa, anauza vocha. Nami nilikuwa nimesimama uani, ufunguo mfukoni, muhuri kwenye mkoba, sijui hata kwamba kifungu hicho kipo. Nimekuja kukijua kupitia kwa mpwa wangu anayesoma sheria pale chuo kikuu cha SAUT, Nyegezi, alipokuja likizo na kitabu chake nikakishika kwa udadisi tu. Mwenyekiti wa mtaa kwa miaka kumi, shahidi wa minada, sijawahi kuambiwa na ofisi yoyote kwamba bei ina mpaka.

Deni lilikuwa limefika milioni 69 pamoja na riba iliyolimbikizwa, adhabu na gharama za dalali. Toa 41, inabaki 28. Kwetu hapa kurudisha ufunguo hakufuti deni. Nyumba ikiuzwa na fedha isitoshe, mkopeshaji ana haki ya kukufuata kwa kilichobaki. Jirani yangu alilipa karibu milioni 35, amepoteza nyumba, na anadaiwa milioni 28.

Sehemu nyingine duniani si hivyo. Marekani, bei za nyumba zilipoporomoka kuanzia 2007 na 2008, mamilioni ya watu walijikuta wanadaiwa zaidi ya thamani ya nyumba zao. Baadhi yao walikuwa bado na uwezo wa kulipa, wakaamua kuacha. Walitia funguo kwenye bahasha wakazituma benki kwa posta. Katika majimbo kadhaa, California ikiwemo, mkopo wa kununulia nyumba unayoishi una dhamana moja tu, nyumba yenyewe. Benki ikishaichukua, kwa kawaida haimfuati mtu kwenye mshahara wake. Mwaka 2009 profesa mmoja wa sheria wa Chuo Kikuu cha Arizona, Brent White, aliandika kwamba wenye nyumba wengi wanaendelea kulipa kwa sababu ya hofu na haya, wakati wakopeshaji wao wanaongozwa na hesabu peke yake. Alishambuliwa sana. Mkuu wa chama cha wakopeshaji wa nyumba wa kule, Mortgage Bankers Association, aliuliza hadharani mtu anayeacha nyumba anawafundisha nini watoto wake.

Sasa sikieni. Chama hicho hicho kilinunua makao makuu mjini Washington mwaka 2007 kwa dola milioni 79. Februari 2010 kikayauza kwa takriban milioni 41, pungufu hata ya kile kilichokopwa kuyanunua. Ni 41 ile ile ya jirani yangu, ila wao ni dola. Sijasikia aliyewauliza kuhusu watoto wao.

Siombi sheria ya California. Wenye umri wangu tunaikumbuka Benki ya Nyumba, THB, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikafungwa 1995, na mikopo isiyorudishwa ilikuwa mojawapo ya maradhi yaliyoiua. Baada ya hapo mtu wa kawaida alijenga kwa mtindo tunaoujua wote: tofali mia mwezi huu, mifuko mitatu ya saruji mwezi ujao, mabati mtoto akimaliza kidato cha nne. Ilichukua zaidi ya miaka kumi mikopo ya nyumba kurudi mezani, kwa sheria ile ya 2008 na kampuni ya TMRC mwaka 2010 inayozipa benki fedha za muda mrefu. Benki zikiambiwa kesho kwamba kila anayechoka anaweza kuacha ufunguo na kuondoka bila deni, zitapandisha riba, au zitatukopesha tu wale wenye hati safi na mshahara wa serikali. Sisi wa karatasi ya mauziano tutarudi kwenye kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wenye riba kali, na wale wakija kukudai hawabandiki notisi, wanabeba televisheni.

Ninachokataa ni kusema kwamba benki haikujua. Riba ya asilimia 18 si kodi ya fedha peke yake. Ndani yake kuna malipo ya wasiwasi: benki inajua kati ya wakopaji wake kuna watakaoshindwa, na imeshatutoza sote kwa ajili yao. Anayelipwa kila mwezi kwa ajili ya wasiwasi, siku wasiwasi ukitimia asijifanye kashangazwa. Halafu aliyeithamini nyumba kwa milioni 60 mwaka 2016 alikuwa mthamini aliyekubaliwa na benki. Kama ilikuwa na thamani hiyo, mbona ikauzwa 41 wakati bei za viwanja Ilemela hazijashuka? Na kama haikuwa nayo, kosa la makadirio linakuwaje deni la fundi majokofu?

Niwape mfano wa upande wa pili, msije mkadhani huku kwetu wanaoacha madeni wote ni maskini. Mfanyabiashara mmoja wa vipuri aliweka nyumba yake rehani. Sheria inataka mwenzi wa ndoa akubali kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani, na ni kifungu kizuri. Nimewaona wanaume wanaoleta dada wa mtu akajifanya mke. Lakini huyu alikuja na mke halali. Nilikuwepo kwa wakili, nikamwona mama akisoma, akauliza maswali mawili, akatia sahihi na dole gumba. Mkopo ulipoiva na fedha zikawa zimekwenda kwenye ghorofa jipya Buswelu, mama akafungua kesi kwamba hakuwahi kushirikishwa. Zuio la mahakama likatoka. Wakakaa kwenye nyumba ile zaidi ya miaka minne bila kulipa senti, wakamalizia ghorofa. Niliitwa ushahidi nikasema nilichokiona. Tangu siku hiyo, tukikutana msibani, familia ile inahamisha viti.

Mtaani yule anaitwa mjanja. Jirani yangu wa Canter anaitwa mwizi. Nimekaa na majina hayo mawili muda mrefu nikijaribu kuelewa. Mmoja alikuwa nazo akakataa kulipa kwa msaada wa wakili. Mwingine hakuwa nazo akakimbia kwa aibu. Wote wawili walivunja ahadi, lakini uzito wake si mmoja, na sheria yetu ilivyo sasa inambana zaidi yule asiyejua kujitetea.

Na kuna mama mmoja muuza dagaa wa Mwaloni, Kirumba. Huyu nimemweka mwisho kwa sababu ananihusu.

Mwaka 2017 alichukua mkopo mdogo wa nyumba kwa karatasi ya mauziano. Alikuja ofisini, akaniomba nithibitishe kiwanja. Nilimfahamu, nilikuwa na haraka ya kikao, nikapiga muhuri bila kwenda kuona. Nikapokea shilingi 10,000, ile ambayo wote tunaijua na hakuna risiti yake. Kiwanja kilikuwa hatua chache kutoka majini. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mimi nilipaswa kuliona hilo. Afisa wa mkopo aliyekuja na pikipiki na kupiga picha za ukuta alipaswa kuliona. Ziwa lenyewe lilikuwa nyuma yake kwenye picha.

Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kimo kilichoifikia rekodi ya mwaka 1964. Maji yaliingia uani Machi, sebuleni Aprili. Mei magugu maji yalikuwa yanaelea kwenye mlango wa jiko. Mama akahamia chumba cha kupanga Kirumba, na kila mwisho wa mwezi akaendelea kupeleka rejesho. Nilimfuata pale anapoanika dagaa nikamwambia aache, nyumba haipo tena. Alicheka. "Mwalimu, najua nalipia nyumba ya kambale. Lakini nikimwambia mtu wa mkopo kwamba ziwa limechukua, msimu ujao nikitaka mtaji nani atanipa?"

Wapo watakaomsifu kwa uadilifu. Mimi niliposikia jibu lake nilisikia mfanyabiashara anayejua bei ya jina lake. Hakuwa na wakili, hakuwa na hati. Jina ndilo lilikuwa dhamana yake ya pekee, akalilipia. Alimaliza 2022. Namheshimu, na heshima hiyo inaniuma, kwa sababu sehemu ya deni lile ilikuwa yangu na ya yule kijana wa pikipiki, na hakuna kati yetu aliyechangia hata shilingi. Mwaka jana nilimrudishia ile 10,000. Aliipokea, akainunulia soda mbili na samaki wa kukaanga, tukala pamoja.

Waheshimiwa, tuliopiga muhuri sote tulilipwa. Mthamini alilipwa, wakili alilipwa, benki ilipata ada ya kushughulikia mkopo, mimi nilipata changu. Mkopo ukiharibika, mwenye kuwajibika anabaki mmoja. Darasani niliwafundisha watoto kwamba dawa ya deni kulipa, na sijabadili somo. Ila waliotuachia msemo huo walituachia na ule wa kukopa harusi kulipa matanga, na matangani huwezi kumwacha mfiwa peke yake na jeneza.

Haya ndiyo ninayoyaomba. Kuwe na mlango ulioandikwa, wenye jina la Kiswahili, ambao mkopaji wa nyumba anauona kwenye ukurasa wa kwanza wa mkataba: ukiona huwezi tena, njoo kabla hujakosa rejesho la tatu, njoo mchana, na ufunguo mkononi. Akija hivyo, apewe muda wa kuiuza nyumba mwenyewe kwa bei ya soko, benki ikisimamia na fedha ikipita kwao. Mwenye nyumba hupata mnunuzi ambaye dalali hampati hata kwa kipaza sauti. Anajua ni jirani gani ana mtoto anayetafuta pa kuishi. Na kama baada ya hapo bado kuna pengo kati ya bei na deni, pengo hilo ligawanywe kwa kanuni iliyoandikwa tangu mwanzo, benki ikibeba sehemu ya makosa ya mthamini wake. Asiyekuja, anayeficha mali, anayemtuma mkewe kuapa uongo, huyo mlango usimhusu. Afuatwe kama sheria inavyoruhusu. Nadhani hata benki zingefaidika, maana nyumba iliyoachwa usiku hung'olewa madirisha ndani ya wiki moja. Ile ya jirani yangu iling'olewa sinki la choo.

Benki Kuu ina tawi hapa Mwanza na ina kanuni za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019. Karatasi moja tu, iliyobandikwa kwenye kila ofisi ya mtaa kando ya picha ya Rais, ingetosha kutuambia siku 60 ni haki ya nani na mpaka wa bei ni upi. Wizara ya Ardhi nayo ituletee ramani ya mita 60, yenye alama za mawe chini na si rangi kwenye kompyuta, ili mwenyekiti mvivu kama nilivyokuwa mimi asipate kisingizio. Mkataba uwe wa Kiswahili, na hesabu ya miaka mitatu ya mwanzo iwe ndani yake kwa tarakimu. Mtu akiona kwamba milioni 35 zitampunguzia deni kwa milioni 3, huenda atakopa kidogo kuliko alivyokusudia, au atasubiri. Hilo nalo ni uwajibikaji, lakini huwezi kumdai mtu uwajibikaji kwa kitu ambacho hukumwonyesha.

Ombi la mwisho linatokana na simu niliyopigiwa mwezi uliopita. Namba ngeni, sauti naijua. Tulianza na mwangaluka, salamu ya Kisukuma, kama kawaida, akaniuliza hali ya mguu wangu, kisha akanyamaza. "Mwalimu, nadaiwa shilingi ngapi sasa hivi?" Ana kibanda cha kutengeneza friji huko ng'ambo, amepata wateja wa kudumu, na anataka kuanza kulipa kidogo kidogo. Anataka pia mkewe awarudishie wale akina mama wanne, na hapo nilifurahi nikamwambia aanze na mwenye cherehani.

Nilikwenda benki siku iliyofuata. Nilikaa foleni saa mbili, nikamweleza binti wa dirishani, akamwita mkubwa wake, mkubwa akaniambia kwa upole kwamba taarifa za mteja ni siri na mhusika aje mwenyewe. Ni kweli, siwalaumu. Lakini miaka hii yote baada ya mnada hakuna aliyemwandikia jirani yangu nyumba iliuzwa kwa kiasi gani, nini kilikatwa, nini kinabaki, na kama kile kinachobaki bado kinazaa riba. Anadaiwa namba asiyoijua. Nawaomba mlazimishe kila mkopeshaji anayeuza nyumba ya mtu kumpa hesabu hiyo kwa maandishi, na pale asipojulikana alipo, nakala ikae ofisi ya mtaa alikotoka.

Ufunguo ninao bado, kwenye kopo la chaki. Haufungui kitu, mnunuzi alibadilisha kitasa siku ile ile. Jirani yangu anasema atavuka mwezi ujao, siku ya kazi, kwa daraja. Nimemwambia nitakwenda naye mpaka dirishani. Nitashukuru kama kabla ya siku hiyo mtanijulisha tutakuta nini.

Wenu,

Mwalimu mstaafu, mwenyekiti wa mtaa wa zamani
Ilemela, Mwanza